Hesabu korosho kwanza, kalamu baadaye

Wadogo zangu mnaoanza nadharia ya namba, kosa lililonichelewesha mimi ni kudhani kwamba tarakimu zilizo ubaoni ndizo namba yenyewe. Nilipokuwa mgeni katika kufundisha tuisheni hapa Mtwara, niliulizwa kama 13 katika kizio cha tano, yaani iliyoandikwa kwa mafungu ya tano, ni shufwa au witiri. Nikajibu papo hapo: witiri, si inaishia na 3? Mwanafunzi mmoja akamwaga korosho mezani, akafunga fungu moja la tano, zikabaki tatu. Nane! Shufwa bila ubishi.

Tangu siku hiyo sianzi na kalamu. Kizio ni ukubwa wa fungu tu. Ukifunga kwa tano, kila fungu, liwe la 5, la 25 au la 125, ni witiri, kwa hiyo tarakimu ya mwisho peke yake haikuambii kitu. Jumlisha zote: 1 na 3 ni 4, ni shufwa. Ndivyo ilivyo katika kila kizio kilicho witiri.

Hata kanuni ya 9 mliyoikariri shuleni, ile ya kujumlisha tarakimu ili kujua kama namba inagawanyika kwa 9, inatokana na kuandika kwetu kwa makumi. Kumi ni 9 na moja, mia ni 99 na moja; ukiziondoa tisa zote, kila fungu linabakiza moja. Hamieni kizio cha nane, na kazi hiyo hiyo inafanywa na 7. Huko 21 huandikwa 25, na 2 na 5 ni 7.

Utasa, yaani namba kugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu, hauhami ukibadili kizio. 31 ni tasa hata ukiiandika 11111 katika kizio cha mbili au 111 katika kizio cha tano. Kila mkikutana na sifa mpya, ulizeni kwanza kama ni ya namba au ya maandishi. Kuna mfano mmoja ulio mpakani mwa hayo mawili ninaoupenda sana: andika 121 katika kizio chochote kuanzia cha tatu, utapata mraba. Kwa tatu ni 16, kwa tano ni 36, kwa kumi ni 11 mara 11. Sababu ni kwamba 11 mara 11 hutoa 1, 2, 1 bila kubeba chochote, maadamu tarakimu 2 inaruhusiwa.

Vizio hasi visiwatishe. Mwanahisabati Vittorio Grünwald aliviandikia tangu 1885. Katika kizio cha hasi mbili nafasi ni 1, -2, 4, -8, 16, hivyo 6 ni 11010, na -3 ni 1101 bila alama ya kutoa.

Ila kwa mgeni ningeanza na mizani ya vitanga viwili. Mawe manne tu, ya kilo 1, 3, 9 na 27, yanapima kila kilo kamili kuanzia 1 hadi 40, kwa sababu jiwe linaweza kukaa upande wa mzigo pia. Hicho ni kizio cha tatu chenye tarakimu 1, 0 na -1. Kompyuta Setun ya Chuo Kikuu cha Moscow, ya 1958, ilihesabu hivyo. Ufuta wa kilo 14? Weka 27 upande mmoja. 9, 3 na 1 ziende pamoja na ufuta.