Windows ikigoma kuwaka, mafaili bado yapo

Usikubali fundi akupigie Windows upya kabla hujatoa mafaili, hapo ndo wengi wanapoteza kila kitu. Kompyuta inayowaka ikafika kwenye nembo ikaganda mara nyingi ni Windows tu imevurugika, vitu vyako viko palepale kwenye diski. Azima kompyuta ya mtu, shusha Linux Mint au Ubuntu (mifumo ya kuendesha kompyuta kama Windows, ila bure hizo), iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, flashi isiwe na kitu cha maana maana itafutwa yote, halafu ichomeke kwenye hiyo mashine mbovu uwashe huku unabonyezabonyeza F12, HP nyingi ni F9, uchague flashi. Ukiulizwa, chagua kuijaribu tu, usiiinstoli, hiyo ndo inafuta diski. Ikishafunguka unaingia kwenye diski kama folda ya kawaida, tafuta Users, kopi folda yote yenye jina lako upeleke kwenye hadidiski ya nje. Mi ni fundi, na njia hii ndo naanzaga nayo kabla sijagusa bisibisi.

Ila ikidai ufunguo wa BitLocker, yaani kufuli ya Windows inayofunga diski, zile tarakimu 48 kwa kawaida utazikuta kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia kwa simu, bila hizo hakuna ujanja. Na kama diski inalia tak tak zima kabisa, usiilazimishe, hiyo ni kazi ya wanaofungua diski na bei yao imechangamka.