Mdogo wangu anakesha akisali: ni imani au ni ugonjwa?

Swali: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume, miaka 24, wiki ya pili sasa halali. Anasali usiku kucha, anasema Mungu amemteua aiongoze nchi. Mama anataka aende akaombewe. Mume wangu anasema dini zote ni ugonjwa wa akili tu. Nani yuko sahihi? Msomaji, Mbagala.

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na shemeji. Hoja yake si ya jana: mwaka 1907 Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alifananisha ibada na ugonjwa wa kurudiarudia matendo bila kuweza kujizuia. Fani yetu haikumfuata. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo la 1994, ulieleza kwamba imani ambayo jamii ya mtu huikubali, kama fundisho la dini yake, haihesabiwi kuwa dalili. Tunachotazama ni namna mtu anavyoamini, na mengine yaliyobadilika maishani mwake.

Ndiyo maana mgonjwa akija na sheikh wake au mzee wa kanisa nafurahi sana. Namuuliza: haya anayosema, ndiyo mnayofundisha? Mara nyingi wao ndio wa kwanza kushtuka. Kijana anayefunga siku tatu na wenzake, kisha akarudi kazini kama kawaida, simtilii shaka. Anayesema ametumwa peke yake, anaongea mbio hata hafuatiki, amegawa hela ya ada, halali na wala hachoki, huyo ananitia hofu hata kama kila sentensi yake ina aya ndani.

Na kuna ugonjwa unaojificha ndani ya imani iliyo sahihi kabisa. Mtu anajua fika kuosha mara tatu kunatosha, lakini anarudia udhu mpaka wenzake msikitini wameshamaliza sala, na ngozi kati ya vidole vya miguu imepasuka. Huyo dini yake haina kasoro. Anahitaji tiba, na tiba ipo.

Sasa mdogo wako. Kukosa usingizi muda wote huo, pamoja na huo uteuzi, kunataka daktari wiki hii hii. Temeke ni karibu nanyi, mpelekeni hospitali ya rufaa ya mkoa. Wamwulize kuhusu bangi na kifafa, wampime malaria, sukari na VVU, kwa sababu hayo nayo huvuruga akili. Mama asikatazwe kumwombea. Ila mdogo wako asifungwe kamba, asinyimwe chakula, na akishaandikiwa dawa asiambiwe azitupe kwa kuwa ameshapona. Msibishane naye kuhusu Mungu; mwambieni mnahangaishwa na usingizi wake, hilo huwa rahisi kulikubali.

Akisema sauti inamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, msingoje kukuche. Mpelekeni usiku huohuo.