Ukifika kijijini baada ya mafuriko, usianze kwa kuhesabu nyumba

Mtu akiingia kijijini siku chache baada ya maafa, ana kalamu, daftari na fulana yenye nembo, wananchi huwa wameshajua amefuata nini: amekuja kuandika watakaolipwa. Huwezi kuwalaumu. Kwa miaka mingi waliokuja kuhesabu nyumba na mikorosho walikuja kwa sababu barabara inapita, nguzo za umeme zinapita, au mradi unahitaji eneo. Kwa hiyo ukiuliza "mmepoteza nini?" utapewa jibu la fidia, hata kama wewe ulitaka kujua watoto watakunywa maji gani kesho asubuhi.

Ninawaandikia wenzangu mnaoitwa kwenye timu za tathmini ya haraka, hasa vijana wa kujitolea na watumishi wa kata mnaotumwa mkiwa na maelekezo ya dakika kumi tu. Hasara na mahitaji ni mambo mawili. Hasara ina wakati wake, ina wataalamu wake, na inaweza kuhesabiwa hata mwezi ujao. Mahitaji hayangoji. Siku za mwanzo tunatafuta kitu kimoja: nini kikikosekana kuanzia leo hadi wiki ijayo kitaua mtu, kitamtia maradhi, au kitamlazimisha auze alichobakiza.

Nitatumia mfano wa bonde la Rufiji katika masika ya 2024, kwa sababu huko tofauti hii inaonekana waziwazi. Mvua za El Niño zilikuwa zimeanza tangu mwishoni mwa 2023, na Aprili mto ulifurika ukaingia vijijini na mashambani katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Watu walikuwa hawajakaa sawa, tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikaingia pwani karibu na Mafia, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika Somanga.

Sasa, Warufiji wengi wana makazi mawili. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda juu, lakini ardhi yenye rutuba ilibaki kulekule chini. Tangu hapo watu wana nyumba kijijini juu na mashamba ya mpunga bondeni, na msimu ukifika familia nzima inashuka kulinda shamba dhidi ya ndege, nguruwe na nyani, inalala kwenye madungu, yaani vibanda vya kuinuliwa shambani. Aprili mpunga bado uko shambani. Maji yakipanda wakati huo, yanachukua chakula cha mwaka mzima huku nyumba ya kijijini imesimama bila hata ufa.

Fikiria timu inayohesabu nyumba zilizobomoka. Inapita mbele ya nyumba ya bati yenye mama na watoto watano, ndani hamna hata kibaba cha unga, inaandika "haijaathirika". Hatua chache mbele inakuta kibanda kilichoanguka, mwenyewe ana duka Ikwiriri na ndugu Dar es Salaam wanaomtumia pesa, inaandika "ameathirika". Hakuna aliyedanganya, na takwimu zote ni sahihi. Lakini lori la msaada litaishia kwa yule wa pili.

Ndiyo maana mimi huanza na chungu. "Jana usiku mmekula nini, na kilitoka wapi?" Hilo swali halina harufu ya fidia, na kila mtu anaweza kulijibu. Mtu akisema wamekula ugali wa unga wa kuazima kwa jirani, umeshajua mambo mawili kwa mpigo: huyu hana akiba, na jirani yake anamaliza yake. Kisha: maji mliyopikia leo mmeteka wapi? Mnalala wangapi humu? Nani hapa anakunywa dawa kila siku, na zimebaki za siku ngapi? Swali hili la mwisho watu hulisahau sana. Mgonjwa wa kisukari, wa presha, wa kifua kikuu, au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, anaweza kuwa ameokoka kwenye maji huku dawa zake zimekwenda. Ila usimuulize mbele za watu ni ugonjwa gani. Uliza idadi kwa mhudumu wa afya wa jamii au kwa muuguzi wa zahanati, inatosha.

Ukishauliza, tumia macho. Omba kuona ndoo ya maji. Nenda chooni mwenyewe. Mwenyekiti akikuambia vyoo vipo vinne, nenda ukavihesabu vinavyotumika, uangalie na njia: kama nyasi za njiani hazijakanyagwa, hakuna anayekwenda huko, na unajua basi watu wanakwenda wapi.

Kabla ya kuondoka mjini, usidharau yaliyokwisha kuandikwa. Sensa ya 2022 ipo. Mtendaji ana daftari la wakazi. Zahanati ina rejista ya wagonjwa wa kuhara na malaria ya wiki zilizopita, na ina orodha ya wajawazito waliokaribia kujifungua. Mwalimu mkuu anajua ana wanafunzi wangapi na wangapi hawajaonekana. Pita kwenye kamati ya maafa ya wilaya, ujue nani kaenda wapi, maana inauma sana kuona timu tatu zimeuliza kijiji kilekile chenye lami wakati ng'ambo ya mto hakuna aliyefika.

Kuhusu ng'ambo ya mto nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo tathmini nyingi zinapofia. Gari linafika mahali barabara inapoishia, na waliopo hapo wanageuka kuwa "wananchi". Walio kambini shuleni wanaonekana, wana bahati hiyo. Lakini watu wengi wa kwetu hawaendi kambini. Wanakwenda kwa shangazi, kwa kaka, kwa shemeji. Nyumba iliyokuwa na watu sita sasa ina kumi na saba, na mwenyeji anaona haya kusema kwamba chakula kimekwisha. Uliza kila balozi: nani amepokea wageni?

Kuna wafugaji, wengi wao waliofika Rufiji baada ya operesheni za kuwaondoa bonde la Usangu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007, wanaoishi pembezoni na mara nyingi hawamo kwenye daftari la mtendaji. Kuna wavuvi wako dago, kambi zao za muda za uvuvi, huko deltani. Kuna vibarua waliokuja msimu wa mpunga na wapangaji wa vyumba vya mjini, ambao orodha ya wenye nyumba haiwagusi kabisa. Hawa hutawapata kwa kumuuliza kiongozi peke yake, na si kwa sababu ni mbaya. Yeye anawajibika kwa waliomchagua. Waulize bodaboda, wenye mitumbwi, mama ntilie, muuza vocha. Swali langu kwao ni moja: "Ni wapi ambako hujaona mgeni yeyote tangu maji yaje?" Halafu nenda huko. Deltani muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi na kama ni bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, la sivyo utalala kwenye mikoko na timu yako.

Heshima nayo ni sehemu ya kazi. Lazima upite kwa mtendaji na mwenyekiti, usalimie wazee, ukae, ueleze. Lakini mwenyekiti akikaa kwenye kila mazungumzo, kila mtu atasema anachotaka mwenyekiti asikie. Kijana hawezi kumwambia mzee "naomba utupishe". Dawa yake ni kumpa kazi inayomstahili: mwenzenu mmoja mwenye umri wa kutosha abaki naye wachore ramani ya kijiji kwenye karatasi kubwa, wapi maji yaliingia, wapi pamekauka, kisima kipi kimefunikwa. Hiyo ramani mtaihitaji kweli. Wengine mtawanyike vitongojini.

Wanawake wazungumze na mwanamke, mbali na mkutano. Kwenye mkutano utasikia mahema na mahindi. Kando utasikia taulo za kike, kanga ya kubadilisha, giza la njia ya chooni, na kwamba wasichana wakubwa wanalala darasa moja na wanaume wasiowajua. Usimuulize mtu yeyote kama amebakwa. Tathmini ya haraka si mahali pake, huna faragha ya kumpa wala msaada wa kumpa papo hapo. Uliza kuhusu usalama kwa ujumla: wapi mnaogopa kupita, saa ngapi, nini kingewasaidia. Mtu akikueleza mwenyewe yaliyompata, msikilize, usiandike jina lake, na uwe na majibu tayari: dawati la jinsia la polisi lililo karibu, afisa ustawi wa jamii, na namba 116 kwa mambo ya watoto.

Sasa hesabu. Viwango vya Sphere, yaani viwango vya chini vya misaada ya kibinadamu vinavyotumika duniani kote, vinasaidia, lakini vitafsiri kwa vipimo vya kijijini. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani robo tatu ya dumu. Familia ya watu sita inahitaji madumu manne na nusu. Ukikuta inateka mawili, umepata pengo bila kuandika dodoso. Kambi ikiwa na watu 400, ni lita 6,000 kila siku. Choo mwanzoni kimoja kwa watu 50, kisha mfike kimoja kwa watu 20, na matundu ya wanawake yawe mara tatu ya yale ya wanaume. Kila mtu apate mita za mraba 3.5 za kulala: darasa la mita 9 kwa 7 linawatosha watu 18. Ukikuta 60, usiandike "msongamano mkubwa". Andika 60 badala ya 18. Anayesoma ripoti ofisini atachukua simu kwa sababu ya namba hizo mbili.

Bondeni kuna jambo la ziada. Kitako cha shimo la choo kinatakiwa kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na baada ya mafuriko maji hayo yako karibu mno. Kuomba "vyoo vya shimo" hapo ni kuomba kipindupindu. Andika vyoo vya kuinuliwa.

Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, mwenye mafunzo apime mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe. Chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo. Chini ya 11.5 ni mkali, na huyo haandikwi tu na kuachwa, anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo.

Dodoso liwe fupi. Nimeona madodoso yenye maswali zaidi ya mia, kila idara imechomeka la kwake, na mama aliyepoteza shamba anasimama juani saa nzima akijibu kuhusu aina ya sakafu. Kila swali lijibu: nani ataamua nini kwa jibu hili, wiki hii? Kama hakuna, lifute. KoboToolbox, programu ya kujazia dodoso kwenye simu, ni nzuri kwa sababu inafanya kazi bila mtandao, lakini chapisha nakala chache za karatasi. Umeme ukikatika kijiji kizima, kishikwambi kina saa chache tu. Majina na namba za simu usikusanye katika hatua hii. Huvihitaji, vinafufua matumaini ya malipo, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 una wajibu juu yake. Picha za watoto wanaolia pia uziache.

Na useme ukweli tangu salamu ya kwanza: "Tumekuja kuuliza mnahitaji nini sasa, tutapeleka taarifa kamati ya maafa ya wilaya leo usiku. Hatuandikishi watu wa msaada, wala hatufanyi tathmini ya fidia." Wengine watanung'unika na kuondoka. Watakaobaki watakuambia ya kweli.

Jambo moja tungeweza kulikosa kabisa kama tusingekaa na wakulima wenyewe. Maji ya Rufiji yakipungua yanaacha tope lenye unyevu, na hapo wanalima mlau: mahindi, kunde, maboga. Mtu akipata mbegu kwa wakati, atakula kabla ya msimu mkuu kurudi. Akichelewa wiki chache, unyevu umekwisha. Kwa hiyo katika maafa hayahaya ya maji mengi, mbegu lilikuwa hitaji lenye tarehe, sawa na dawa na chakula, na mkulima alijua tarehe hiyo kuliko sisi sote. Uliza kila mahali: baada ya haya, mnalima nini kwanza, na lini?

Ripoti iandikwe usiku uleule, ukurasa mmoja au miwili. Tenganisha ulichokiona, ulichoambiwa na ulichokadiria. Anayeamua ana haki ya kujua ipi ni ipi. Taja na vitongoji ambavyo hamkufika, kwa majina, ili visisomwe kama viko salama. Chini kabisa weka tarehe ya mwisho ya kutumia takwimu hizo. Mimi huweka siku kumi, au hadi mvua kubwa inayofuata, kisha naandika ni nani atarudi kijijini kuuliza upya na atafika lini.