Usianze na Tangazo la Kuchekesha

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia akiwa amevunjika moyo. Alisimama mbele ya watu kuzungumzia matangazo ya zamani ya vyombo vya umeme vya nyumbani. Watu wakacheka mwanzo hadi mwisho, wakapiga makofi, wakaenda zao. "Nilikosea wapi?" ananiuliza. Dada yangu, swali hilo nalijua. Limewahi kuninyima usingizi.

Mimi mazungumzo yangu ya kwanza niliyafungua kwa tangazo la Kenwood Chef, mashine ya jikoni ya kuchanganyia vyakula, Uingereza, mwaka 1961. Mke kavaa kofia ya mpishi, kamkumbatia mumewe mwenye suti, na maandishi yanasema mashine hiyo hufanya kila kitu isipokuwa kupika, maana hiyo ndiyo kazi ya wake. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikatoa jingine, na jingine, nikiona nimefaulu. Mwishoni mama mmoja mzee akainua mkono, akauliza taratibu: "Mwanangu, kabla ya hizo mashine, kazi hizo alizifanya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilibabaika, nikashuka jukwaani, na hata leo nikiukumbuka ule ukimya uso hunipata moto.

Nikarudi kwenye masanduku yangu ya matangazo ya zamani, nikaanza kusoma upya. Katika matangazo ya Marekani ya mwanzo wa karne ya 20, umeme wenyewe huitwa mtumishi: hauchoki, haudai mshahara. Ukifika miaka ya 1950, mtumishi hatajwi tena. Yupo mama wa nyumbani peke yake, lulu shingoni, viatu vya mchuchumio miguuni, anaitabasamia mashine ya kufulia. Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan alieleza jambo hili mwaka 1983: mashine zilipunguza suluba, lakini saa za kazi za mama wa nyumbani hazikupungua ilivyotarajiwa. Kazi zilizokuwa zikigawanywa kwa dobi, kijakazi, watoto na mume ziliangukia mabega yake, na kipimo cha usafi nacho kikapanda. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa yule mama.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: mtafute asiyekuwepo pichani. Katikati ya miaka ya 1930, takriban shamba 1 kati ya 10 huko Marekani ndilo lililokuwa na umeme. Jarida liliweza kumfikia mke wa mkulima likiwa na picha ya jokofu jeupe linalong'aa, ilhali waya wa umeme haujafika hata barabarani kwao. Hebu jiweke mahali pake ulitazame tangazo hilo.

Wa pili: soma maandishi madogo, maana hofu ya muuzaji imelala humo. Desemba 1908 kampuni ya Hoover ilitangaza katika jarida la Marekani la Saturday Evening Post kwamba mtu atapewa mashine ya kufyonza vumbi aijaribu nyumbani kwa siku 10 bila malipo. Nani angenunua chombo ambacho hajawahi kukiona kikifanya kazi? Ahadi ile inakuonyesha mashaka ya watu wa wakati ule kuliko picha yoyote.

Ila matangazo yanayonigusa kuliko yote ni ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilisimamisha utengenezaji wa majokofu na mashine za kufulia kwa ajili ya raia, viwanda vikageukia silaha. Matangazo hayakukoma! Kampuni zilitangaza vitu ambavyo hakuna aliyeweza kuvinunua, zikihimiza watu wanunue hati za dhamana za vita, yaani waikopeshe serikali fedha za vita, na kungoja jiko jipya siku ya ushindi. Huwezi kumcheka mtu anayengoja hivyo. Tunaokusanya makaratasi haya tuna deni kwa waliomo, na kuwafanya kichekesho ni uvivu wetu sisi, si ujinga wao.

Wala usilitupe tangazo la Kenwood. Liweke mwisho. Anza na mtumishi wa umeme, pitia shamba lisilo na waya, pitia vita, ndipo ulitoe. Mwezi uliopita nilifanya hivyo, nalisema kwa fahari. Nilipolionyesha hakuna aliyecheka. Mwanamke wa safu ya mbele aliniomba nimsomee tena lile neno la mwisho la tangazo, nikalisoma.