Ripoti ya mama kuandikwa hakuna E-kadherini

Pole sana dadangu. Umeuliza kama kukosekana kwa E-kadherini kwa bayopsi (kipande cha nyama kilichokatwa kupimwa) ya mamako ndio kusema kansa ya titi imeshaenea. La, haisemi hivyo. E-kadherini ni kama gundi ya kushikanisha seli, jeni ya kuitengeneza yaitwa CDH1, sasa hiyo jeni ikiharibika ama ikizimwa tu, seli zaachana zaanza kupenya moja moja, kwa maikroskopu waziona zimejipanga kama shanga uzini. Mara nyingi ni ile kansa ya titi ya aina ya lobula, yaani ya vijitezi vya maziwa. Sisi kwa khalati yangu tulikaa twangoja donge, kumbe hii yaweza isifanye donge, titi lakuwa gumu tu, hata mamogramu (eksirei ya titi) wakati mwingine huikosa, kwa hivyo muulize daktari kama MRI, ile skani ya sumaku, yahitajika.

Cha kuangalia zaidi kwa ripoti ni ER na PR (vipokezi vya homoni kwa seli za kansa) na HER2 (protini ya kukuza seli), ndizo zaamua dawa, kama hazijaandikwa rudi maabara. Kuenea kwajulikana kwa skani. Hospitali ya Coast General, Mombasa, wana kituo cha saratani, nenda na ripoti yenyewe sio picha ya simu. Akikosa pumzi, macho yakiwa manjano ama mgongo umuume usiache, mpeleke siku hiyo hiyo. Na huyo mganga wa mitishamba uliyemtaja angoje kwanza, wallahi.