Bahasha za babu kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo): usizilowanishe

Mdogo wangu uliyeuliza ufanye nini na kopo la bahasha alizoacha babu yako, aliyefanya kazi migodini Kitwe kabla ya kurudi hapa Lubumbashi: tafadhali usizitie majini ili kubandua stempu. Kwa stempu zilizokwisha kukatwa, maji hayana shida. Kwa barua nzima zilizovuka mpaka kuja kwetu, unaharibu kitu ambacho hakitapatikana tena.

Stempu yenyewe, mfalme juu, twiga na tembo chini, ilianza kutumika Aprili 1925. Mchoro huohuo ukaendelea kwa George wa Sita mwaka 1938, kisha kwa Malkia Elizabeth mwaka 1953. Zile za peni moja au mbili zimejaa duniani, hakuna atakayekupa pesa ya maana. Angalia tu kwa lenzi peni moja na nusu ya George wa Sita: baadhi zina kasoro ya uchapaji, doa linalofanana na yule ndege anayekula kupe wa wanyama, na hizo wakusanyaji wanazitafuta sana.

Lakini mimi hukusanya mihuri ya posta, ile inayogongwa juu ya stempu. Kuanzia 1954 hadi 1963 Rhodesia ya Kaskazini, Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo) na Nyasaland (Malawi ya leo) zilitumia stempu moja ya Shirikisho lililoziunganisha. Ukiibandua, imetoka Ndola au Blantyre, utajuaje? Muhuri ndio unaosema, na muhuri mara nyingi nusu yake iko kwenye stempu, nusu iko kwenye karatasi. Muhuri pia unahifadhi majina yaliyofutika: Broken Hill ndiyo Kabwe ya leo, Abercorn ni Mbala, Fort Rosebery ni Mansa.

Bahasha ninayoipenda kuliko zote niliipata Kamalondo, hapahapa Lubumbashi, kwa mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli. Mbele kuna twiga wa rangi iliyopauka na muhuri wa Ndola, mviringo safi, tarehe inasomeka. Geuza nyuma: muhuri wa kupokelea wa Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, wino mweusi, umegongwa kwa haraka mpaka ukapinda juu ya mkunjo wa bahasha. Barua ilipita Sakania, mpakani, kwa treni, njia ileile iliyofika mji huu mwaka 1910. Anwani imeandikwa kwa penseli, jina la mtu na kambi ya wafanyakazi basi. Ndugu walikuwa pande zote mbili za mpaka, wakiandikiana, na hakuna kitabu cha historia kinachokuonyesha jambo hilo kwa karibu hivyo.

Kuhusu kutunza: usitumie selotepu, usipeleke kuzipiga plastiki pale wanapotengeneza vitambulisho. Weka kila bahasha ndani ya karatasi nyeupe kavu, kwenye boksi, mbali na ukuta, maana kuanzia Novemba unyevu wa mvua unapanda. Stempu mpya zenye gundi zitenganishe kabisa, zikishikana hazitoki salama. Barua zilizomo ndani ziache humohumo.

Mtu akija na bei ya kopo zima, mkatalie kwanza. Piga picha mbele na nyuma, uziweke hapa, na ukiona muhuri wa Fort Rosebery, anza na huo.