Pombe na tabia: maswali yenu wiki hii

*Tumeoana miaka 16. Mume wangu alikuwa mpole, akicheza na watoto. Siku hizi hata asipokunywa anafoka. Ni pombe, au ndivyo alivyokuwa na mimi sikuona? – Mama wa wawili, Mbeya*

Pole sana, dada. Siamini kwamba ulidanganyika miaka yote hiyo. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo hutuzuia tunapotaka kufoka au kurusha sahani. Pombe huilegeza kwa saa chache. Mtu akinywa sana miaka nenda rudi, hudhoofika hata siku ambazo hajanywa. Tena ubongo uliozoea pombe ukiikosa hukosa utulivu: usingizi hauji, mikono inatetemeka, sauti ya mtoto inakuwa kero. Hasira ya asubuhi mara nyingi hutoka hapo.

Usimwage chupa zake ukadhani umemaliza kazi. Anayekunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, hata kufa. Aachie mikononi mwa daktari. Na kama anakupiga, toka na watoto kwanza. Matibabu yake si sababu ya wewe kuvumilia kipigo.

*Nina miaka 24, niko chuo. Bila bia mbili siwezi kuongea na watu. Si ndiyo maana yake nikinywa ndipo ninakuwa mimi halisi? – Nakuru*

Hapana, mdogo wangu. Bia hunyamazisha woga, haikufundishi kuzungumza. Kila inapokusemea, unakosa zoezi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, waliwafuatilia vijana tangu wana miaka 18 hadi 35. Wale ambao matatizo yao ya pombe yalipungua ndio pia waliopungukiwa zaidi na pupa na wasiwasi. Kipi kilimvuta mwenzake ni vigumu kutenganisha, lakini vilikwenda pamoja. Jaribu sherehe moja na soda mkononi, hata ukikaa nusu saa tu.

*Baba ana miaka 61, amekunywa gongo tangu ujana. Sasa anasimulia safari ambazo hakwenda, na anaapa. Uzee umemfanya mwongo? – Morogoro*

Usimwite mwongo, tafadhali. Walevi wa muda mrefu wengi hula kidogo na hupungukiwa vitamini B1. Upungufu huo huweza kuharibu kumbukumbu, na ubongo hujaza mapengo kwa hadithi ambazo mwenyewe anaziamini. Madaktari huuita ugonjwa wa Korsakoff. Mpeleke hospitali wiki hii, si mwisho wa mwezi, na umweleze daktari habari za gongo bila kuficha. Akianza kuyumba au macho kucheza, mpeleke saa hiyo hiyo: sindano za B1 husaidia zaidi zikiwahi.

*Nimeacha miezi miwili, bado nina huzuni. – Tanga*

Hongera, kaka. Huzuni iletwayo na pombe kwa kawaida hupungua ndani ya wiki chache. Yako imezidi hapo, huenda ni sonona inayojitegemea, na ina tiba yake. Mweleze daktari kabla hujarudi kwenye glasi.